Neno Tulilomwekea Mgeni Asiyekuja

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyomwona mama yangu akinyamazishwa naye akakubali. Juzi ulinipigia simu kuniambia chuo kimekupa kazi ya kufundisha sheria, na kwamba kila mwalimu lazima awe na jambo lake la kutafiti. Ukasema wewe utachukua mikataba ya makampuni, mengine yote yana wenyewe. Nikakuaga upesi, simu nikaiweka chini. Sikuwa nimekasirika. Mawazo yalikuwa yamerudi Nkoma, kijijini kwetu Bariadi, miaka ya hamsini, wakati mimi ni binti wa kuteka maji na kukamua ng'ombe.

Bariadi yote wakati huo ilikuwa chini ya wilaya ya Maswa. Baba yangu alifariki msimu wa palizi, na mama yangu, Minza, akakataa kurithiwa na shemeji yake Maduhu. Usishangae, wajane waliokataa hawakuwa wachache. Kwetu pale, mjane mwenye watoto akikataa, alibaki kwenye kaya ya mumewe akalima shamba lilelile mpaka watoto wakue. Hakuna aliyeliandika popote. Wazee walilijua, na likizuka shauri waliamua hivyo, kisha kila mtu akarudi kulima pamba yake.

Basi akaja Mzungu mmoja, mwalimu wa chuo cha sheria huko Uingereza, pamoja na karani wa kumtafsiria kutoka Nyalikungu. Alitaka kuandika mila zetu ili mabaraza yawe yanazisoma. Alikuwa mtu mwenye adabu, sitamsingizia. Alijifunza kusema "Mwangaluka," ambayo ni salamu yetu ya asubuhi, akawa anaitoa hata jua likizama, na wazee wanamwitikia kwa heshima zote. Nani angemsahihisha mgeni?

Wazee walimwuliza wenzake huko chuoni wanafanya nini. Akaeleza kwamba yuko anayechunguza sheria za meli, yuko wa magereza, yuko anayesoma hukumu za wafalme waliokufa zamani sana. Yeye kazi yake ni ng'ombe wa mahari. Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chetu, akauliza, "Huyo wa meli, kwao hawana ng'ombe?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu hapo tukamwita Bwana Mahari, na jina akalipenda. Akasema pia kwamba mambo ya mashamba na wajane ni ya mwenzake, atakayekuja mwakani kuyauliza mwenyewe.

Sasa hapo ndipo tulipoharibu.

Siku hiyo mama na mimi tulipeleka maziwa ya mgando barazani. Bwana Mahari alikuwa anauliza mume akifa ng'ombe wa mahari wanarudi au hawarudi. Wazee wakamjibu vizuri, moja baada ya lingine. Mama akapiga goti, akasema, "Basi mwelezeni na habari yetu sisi tunaobaki, tunakaa wapi."

Mwanangwa akamwambia taratibu, akimwita mama kwa lugha yetu, "Mayu, hilo ni la yule mgeni anayekuja. Tukimpa huyu, yule tutampa nini?"

Hakusema kwa ubaya, mwanangu. Kwetu chakula kilichowekwa kwa ajili ya mtu fulani hakipewi mwingine, hata akiwa amekaa mbele yako ana njaa. Na maneno tuliyaona hivyohivyo. Bwana Mahari akauliza huyu mama anasema nini. Karani akamwambia ni jambo la yule mwenzake. Mzungu akaitikia kwa kichwa, akageuza ukurasa. Kumbe na chuoni kwao ilikuwa adabu ileile, mtu haingii kazi ya mwenzake. Mama akacheka kidogo, akainuka, tukarudi nyumbani.

Yule mwenzake hakuja. Sijui aliumwa, sijui alipewa kazi nyingine. Kilichokuja ni maandishi ya Bwana Mahari, na barazani yakawa ndiyo mila. Ndipo Maduhu akamshitaki mama, kwamba mwanamke aliyekataa kurithiwa arudi kwa ndugu zake aache shamba.

Mwamuzi aliyesikiliza hakuwa mtu wa kwetu. Akafungua kitabu cha Bwana Mahari. Mahari ilikuwemo yote mpaka ndama wa mwisho, lakini mjane aliyekataa hakuwemo. Wazee wa Nkoma walisimama wote kumtetea mama, Mwanangwa akasema mpaka sauti ikamkauka. Mwamuzi akawauliza, "Kama ni mila yenu, mbona mlipoulizwa hamkusema?"

Watu wazima wale waliinamisha vichwa kama watoto.

Tukatolewa pamba ikiwa imeanza kupasuka, akaivuna Maduhu. Tukaenda Kiloleli kwa wajomba. Njiani nikamlaani yule Mzungu kwa kila neno baya nililolijua. Mama akasimama na mzigo wake kichwani, akaniambia, "Koma. Yule alikaa mbele yetu na kalamu mkononi. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, nikaondoka nalo kwa sababu ya mtu ambaye sijawahi kumwona. Ningekaa palepale na goti langu mpaka anisikie." Sikumsikia tena akilizungumza jambo hilo. Alilima mashamba ya kuazima mpaka alipokufa, na hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo mwanangu, chukua mikataba yako, sikukatazi. Mambo ya sheria ni mengi, hakuna kichwa kimoja cha kuyabeba yote, na ni haki mgawane. Lakini mtu akija mbele yako na shida ambayo si ya fungu lako, usimwambie ina mwenyewe. Iandike siku hiyohiyo, kisha umtafute huyo mwenyewe umkabidhi mkononi. Na wewe ukiwa na neno, mpe aliyepo. Adabu isikufanye ulimeze.

Mungu akupe afya na maisha marefu kazini. Akupe wanafunzi wasikivu, na mkate wako usipungue. Na mjane yeyote atakayesimama mbele ya sheria, jina la shida yake alikute limeandikwa, kwa mkono wako.