Kadi ya Mama Ndani ya Kiondo

Mwizi aliyemwibia mama yangu alibisha hodi, akakaribishwa, akanywa chai vikombe viwili.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nafanya kazi kiwandani Thika na kupanga chumba mtaa wa Kamenu. Mama aliishi peke yake kijijini Theta, yeye na kisukari chake. Kiwanda kilikuwa na bima iliyowalipia dawa hata wazazi wetu, nami nilijiona nimeula. Mama alipewa kadi yenye picha yake. Kila mwezi alienda nayo duka la dawa Ruiru kuchukua insulini, na chupa akaihifadhi ndani ya mtungi wa maji, maana friji tulikuwa tunaziona kwa matajiri.

Kisha mwenye duka akaanza kuwatembelea wazee nyumbani. Kijana mtanashati, viatu vinang'aa hata msimu wa tope. Siku ya kwanza alimletea mama insulini yake pamoja na kiondo kilichojaa unga, mafuta ya kupikia, majani ya chai na, Mungu anisamehe, sukari. Sukari kwa mgonjwa wa kisukari! Sasa, kwetu kiondo cha mgeni hakirudi kitupu. Ukiletewa viazi, unarudisha japo konzi ya maharagwe. Mama akahangaika huku na huku, lakini mvua zilikuwa zimekosekana na ghala halikuwa na kitu.

"Shosho, usisumbuke," kijana akamwambia, kama anayeongea na bibi yake. "Weka tu ile kadi. Nitakuwa nakuletea dawa mwenyewe, usiteseke kuja Ruiru na hiyo miguu."

Mama akaitia kadi kiondoni. Alinisimulia kwa furaha, kwamba hakumrudisha mgeni mikono mitupu.

Mwanzoni insulini ilikuja. Halafu ikaanza kuchelewa. "Haijafika kutoka Nairobi, shosho." Unga ulifika. Mafuta yalifika. Mama akaanza kujidunga nusu ya kipimo ili chupa ikae zaidi, wala hakuniambia, asije akaonekana mlalamishi.

Nilijua siku nilipoitwa na afisa wa bima, mwanamke wa makamo. Fungu la pesa za dawa alilotengewa mama kwa mwaka mzima lilikuwa limekwisha. Duka lilikuwa limelipwa pesa za insulini ambayo mama hakuiona, na dawa za pumu, na za vidonda vya tumbo, magonjwa asiyokuwa nayo. Afisa akasema wazee wengi walikuwa wakiibiwa hivyo hivyo. Mama akisema kwa kinywa chake kwamba hakupewa, fungu lake litarudishwa na lile duka litaondolewa kwenye bima.

Tukaenda naye Theta. Mama akatandika kitambaa kizuri mezani, akatuketisha.

"Mama, hizi dawa ulizipata?" afisa akamuuliza.

"Nilipata."

"Zote?"

"Zote."

Mama aliinuka kwenda kuandaa chai, nikamfuata jikoni. "Maitu, mama yangu, kwa nini? Huyo ni mwizi!"

"Najua ni mwizi. Unafikiri mimi ni mjinga? Lakini nimekula chakula chake hizi siku zote. Nikimshtaki na unga wake uko tumboni, hapa Theta nitaitwa nani?"

"Utaitwa mzima!"

Alichukua birika akarudi kwa mgeni. Afisa alikunywa chai yake, akaaga, na fungu la mama halikurudishwa.

Watu husifu adabu ya wazee wetu. Mimi niliichukia siku ile, na bado naichukia. Wezi wa aina ile wanaielewa kuliko sisi watoto tuliozaliwa nayo. Ndiyo maana hawakuja kwetu sisi vijana, ambao tungekula unga na bado tungepiga kelele.

Mshahara wangu ulinunua insulini pale ulipoweza, na mara nyingi haukuweza. Kidonda kilianzia kwenye kidole gumba cha mguu, kikapanda. Wakati huo kijana wetu alikuwa anafungua duka la pili Juja, na nasikia mchungaji alialikwa kuliombea.

Hospitalini daktari alimweleza mama taratibu kwamba mguu ukibaki, utamuua. Alitaka kauli yake mwenyewe. Mama akageuza uso ukutani.

"Sema wewe," akaniambia. "Mimi nimechoka kuulizwa."

Nikasema wakate.