Kamba ya Kichwani

Katika kijiji chetu cha Kilduthie, ukisimama barabarani ukaita "Urquhart!" watageuka wote isipokuwa mbwa, na hata mbwa mmoja mmoja nina wasiwasi naye. Jina hili tunalo sote. Lina bonde lake hapa Nyanda za Juu za Uskoti, lina ngome yake iliyobomoka kando ya ziwa kubwa, ambako watalii hupanga foleni kukodolea maji macho wakitafuta dude ambalo sisi hatujaliona lakini wengine wetu wanakula kwa jina lake. Limetoa majemadari na wabunge. Limetoa pia mheshimiwa mmoja wa zamani aliyeandika ukoo wetu kizazi kwa kizazi hadi kwa Adamu, na ambaye inasemekana alikufa kwa kucheka. Wageni hutafuna ulimi wakijaribu kulitamka. Sisi tunalivimbia kichwa, sikatai.

Ila kwa siku za kawaida jina hilo halitusaidii kitu. Mtu wa posta anataka kujua ni Urquhart yupi, na mkopeshaji vilevile. Kwa hiyo tunaitana kwa majina ya utani, na mtu akishabandikwa lake halibanduki hata kwa patasi. Mimi naendesha basi la shule, basi ni Finlay Basi. Binamu yangu Roderick, mzee wa kanisa anayetuanzishia zaburi kwa sauti ya kutikisa vioo, ni Roddy Zaburi. Urquhart lenyewe hutajwa kwa sauti siku tatu tu: unapobatizwa, unapooa au kuolewa, na unapozikwa. Asiyeolewa zinambakia mbili. Ya kwanza haelewi, ya mwisho hasikii.

Dolina Sepeto hakuolewa. Alipatikana mchumba kutoka Dingwall, mwenye duka la nguo, mtu safi, kucha zimekatwa vizuri. Alimwambia atamwoa akiacha ile kazi. Dolina akamuuliza kazi ipi, yule bwana akaona haya hata kuitaja. Dolina akamfungulia mlango, wakaagana kwa heshima, naye akarudi kwenye ng'ombe wake.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchimba makaburi. Baba yake, mzee Hector Sepeto, ndiye aliyekuwa mchimbaji wa usharika, na baba wa Hector kabla yake. Siku moja Hector aliinua jiwe la kaburi peke yake kwa ubishi, mgongo ukakata kauli, na tangu hapo hakuinama tena. Mtoto wa kiume, Ewen, alikuwa ameshakwenda Kanada kutengeneza mabomba. Wiki ile ile akafa mwalimu mkuu mstaafu. Dolina alikuwa binti wa miaka ishirini hivi. Akavaa buti za baba yake, akatia soksi mbili zisimpwaye, akaenda makaburini kabla watu hawajaamka.

Watu walimwona. Kijijini kwetu hakuna mwanamke aliyewahi kushika sepeto la kanisa, lakini sisi ni mabingwa wa kutoona. Jambo likikosa kanuni, tunalitazama pembeni mpaka lizoeleke. Siku ya mazishi wanaume walikuta kaburi kuta zimenyooka, nyasi za juu zimekatwa vipande na kukunjwa juu ya magunia kwa mpangilio wa kuzirudishia. Wakaenda kumpongeza Hector kitandani. "Umefanya kazi nzuri, Hector," wakasema, naye akajibu, "Udongo ulikuwa laini." Wakanywa chai iliyopikwa na Dolina, wakaenda zao.

Mchezo huo ukachezwa miaka thelathini. Naona hasira nikiusimulia, na mimi nilikuwa mmoja wa wachezaji.

Sasa lazima nieleze kuhusu kamba, maana maisha yote ya Dolina yaligeukia hapo. Kwetu jeneza hushushwa kwa kamba nane, na nyumba ya marehemu ndiyo inayogawa nani ashike ipi. Namba moja ni ya kichwani, ya mrithi. Namba mbili ni ya miguuni. Zilizobaki ni za ubavuni. Mwanamume wa Kilduthie anaweza kusahau tarehe ya ndoa yake, lakini atakwambia alishika kamba ya ngapi kwa ajili ya nani. Na kamba uliyopewa ni yako: mwingine haigusi, maana kuokota kamba ya mtu aliye hai ni kumtangaza kwamba yeye ndiye anayefuata kuzikwa. Wanawake siku hizo hawakwenda makaburini kabisa. Waliaga jeneza mlangoni, wakarudi ndani kupaka siagi mikate. Dolina naye, aliyechimba, alijibanza nyuma ya ukuta wa makaburi na birika lake la chai mpaka wanaume waondoke, ndipo akatoka kufukia.

Hector alifariki mwishoni mwa miaka ya sabini, majira ya baridi kali, akiwa mzee sana. Kesho yake Dolina akaja gereji nikiwa chini ya basi.

"Finlay, toka huko. Wewe namba sita."

Nilitoka, nikafuta mikono, nikamshukuru kwa heshima hiyo. Nikamuuliza Ewen anafika lini.

"Ewen haji."

"Basi kichwani ni Roddy."

"Roddy miguuni. Kichwani ni mimi."

Nilicheka. Si kwa dharau, ni kicheko cha mtu aliyekanyaga barafu. Yeye akasubiri na mikono mifukoni.

"Cheka umalize," akasema. "Nimemlisha mimi, nimemgeuza kitandani mimi, na kaburi lake nalichimba mimi leo mchana. Halafu nikamuage mlangoni kama anakwenda mnadani Dingwall?"

Nikamwambia ukweli, kwamba Roddy ataiacha kamba yake chini, na miguuni pakikosa mtu jeneza haliendi popote.

"Akiiacha, baba atakaa juu ya zile mbao za mdomoni mwa kaburi mpaka aiokote. Baba hakuwa mtu wa haraka."

Nilitamani kumwambia aache, na nilitamani asiache. Nikarudi chini ya basi kwa sababu huko hakuna anayekuuliza kitu.

Habari ilimfikia Roddy kabla ya jioni. Tulikusanyika kwa ibada ya nyumbani, jeneza likiwa chumba cha mbele, watu wamejaa hadi ngazini. Baada ya zaburi Roddy alisimama kikombe mkononi, akasema mbele ya wote, kwa upole, na upole wake ndio uliouma zaidi: "Dolina, hakuna anayekataa ulivyomtunza. Lakini kamba ya kichwani ni ya yule anayelipeleka jina mbele. Jina kwako linaishia. Mimi dhamiri yangu hainiruhusu kushika kamba siku hiyo."

Dolina akainua birika.

"Kunywa chai, binamu. Inapoa."

Kumbe alishajibu: hatabadili kitu. Sisi ndio hatukuelewa.

Siku ya mazishi ardhi ilikuwa ngumu kama kauli ya baba mkwe. Tulimweka Hector juu ya viti mbele ya mlango, mchungaji akaomba, tukanyanyua. Wanawake walibaki mlangoni na leso zao. Dolina hakubaki. Alivaa koti jeusi la baba yake na buti zake za kazi zilizopigwa rangi mpaka zinang'aa, akaingia nyuma ya jeneza, akatembea. Na hapo ule ubingwa wetu ukamfaa: hakuna aliyemwona. Wanaume zaidi ya mia walimfuata njia nzima wakitazama vilima, kondoo, kofia za wenzao. Mchungaji, kijana mgeni kutoka Perth, alitugeukia mara mbili kuona kama kuna wa kumwambia la kufanya. Hakumpata.

Kaburini haikuwezekana tena kutoona. Anayeita kamba ni Wattie, seremala wetu wa majeneza, ambaye si Urquhart, Mungu amsaidie. Akavua kofia.

"Namba moja," akaita. "Dolina Urquhart."

Nilikuwa nimemfahamu maisha yangu yote na sikuwahi kumsikia akiitwa hivyo. Nadhani na yeye hakuwahi. Alisogea hadi kichwani, akaokota kamba, akaizungusha mkononi zamu moja kama mtu aliyezaliwa nayo. Kifua changu kilijaa, sijui nikiite nini ila fahari.

"Namba mbili. Roderick Urquhart."

Roddy alikuwa amesimama mahali pake miguuni, mikono imekunjwa kifuani. Hakuinama. Wattie akaita tena, chini zaidi. Roddy akatikisa kichwa. Ile kamba ikabaki juu ya nyasi mbele ya viatu vyake, na sisi hatukuwa na la kufanya. Tulikuwa wanaume wenye nguvu, tunaojua kamba, na hakuna hata mmoja ambaye angeigusa ile.

Dolina akasema, bila kupaza sauti, "Roddy. Mama yako nilimchimbia mimi."

Roddy akaitazama ile kamba.

"Ardhi ilikuwa hivi hivi. Nilichoma mboji ya kukokea moto kutwa nzima juu ya kaburi lake ili udongo uyeyuke, na kesho yake nikachimba. Ulikuja nyumbani ukamshukuru baba. Baba alikuwa hawezi hata kujifunga viatu."

"Najua," Roddy akasema.

"Unajua nini?"

"Nilikuona. Nilisimama ukutani nikakuona unachimba." Sauti ile inayotikisa vioo ilikuwa imekwisha kabisa. "Sikujua mtu anamshukuruje mwanamke kwa kaburi."

Hapo nilitazama buti zangu. Si mimi tu.

"Sikudai shukrani," Dolina akasema. "Nimelibeba jina hili mgongoni miaka thelathini, Roddy, na kila mmoja hapa amelala usingizi kwa sababu nimelibeba vizuri. Likiishia kwangu, na liishe limesimama. Shika kamba."

Upepo ulipita. Mchungaji alifungua mdomo, Wattie akamkanyaga mguu, na kwa tendo hilo tulimsamehe Wattie ukoo wake. Roddy alivua glavu zake, moja baada ya nyingine, akazitia mfukoni. Kisha akapiga goti, kwa kuwa mgongo wake nao ulikuwa wa kizee, akaokota kamba.

Namba tatu hadi nane tukashika zetu. Wattie akaondoa mbao. Tulimshusha Hector taratibu, kichwa na miguu sawa, na niseme kwa kiburi kabisa kwamba sijawahi kuona jeneza likishuka limenyooka namna ile. Dolina ndiye aliyekuwa akilisikiliza kwa mikono. Akawa wa mwisho kuachia, kamba ikaangukia kifuniko.

Kwa mazoea akavua koti na kunyoosha mkono kwenye sepeto. Roddy akaliwahi.

"Leo wewe ni mfiwa," akasema. "Simama hapo."

Akafukia yeye, na sisi tukamsaidia. Kazi yetu ilikuwa mbovu. Dolina alisimama mikono haina pa kukaa, akavumilia alivyoweza, mwishowe akashindwa.

"Roddy, mwendo gani huo? Unafukia mtu au unatupia kuku punje?"

Kukawa na kicheko, kicheko cha kweli, juu ya kaburi la Hector, na machozi ya Dolina yakatoka hapo hapo, ya kwanza tuliyoyaona. Hakuyafuta.

Kwa desturi aliyeshika kichwani husimama langoni kupokea mikono ya watu. Alisimama. Wanaume wote tukapita mmoja mmoja, na kila mmoja alimtaja kwa jina lake zima. Hakuna aliyetupangia. Roddy alikuwa wa kwanza. "Dolina Urquhart," akasema, na akaongeza jambo aliloshindwa kulisema kwenye mazishi ya mama yake: "Asante kwa kaburi." Nilipofika mimi nilisahau maneno yote, nikamshika tu ule mkono wenye sugu, naye akaniambia niende nikale, kuna nyama ya paja na mikate ya shayiri, na nisiwaachie akina Zaburi.

Dolina alichimba miaka mingine mingi baada ya hapo, mchana kweupe, na malipo ya usharika yakawa yanamfikia kwa jina lake. Ila mwisho ninaoujua mimi ni wa wiki ile ile. Nilikuwa jikoni kwake nikirudisha viti tulivyoazima, mlango ukagongwa. Alikuwa Chrissie, mke wa mchunga kondoo wa kule juu, mume wake amekufa asubuhi hiyo na watoto wao wote ni wa kike. Alikataa kukaa. Alisimama ameshikilia kitasa, macho yamevimba.

"Nataka kumshusha mwenyewe," akasema. "Sijui nianzie wapi."

Dolina alimtazama tangu kichwani hadi kwenye viatu vyake vya kanisani. Akaenda nyuma ya mlango, akavuta buti zake za kazi, akamwekea mbele.

"Jaribu hizi," akasema. "Pale ukingoni panateleza."