Kariakoo ya Mzee Mbwambo

Kwenye grupu la familia Anko Elisante tunamwita Waziri wa Muda. Mtu anachelewa kila harusi, halafu anaandika hadithi za mashine za kurudisha wakati. Mchana anatengeneza kompyuta za ofisi moja hapa ughaibuni, Falls Church. Jioni, badala ya kuangalia mpira kama maanko wa wenzangu, yuko zake 1914.

Yumo kwenye klabu ya waandishi. Mwaka huu klabu ikatangaza kitabu cha hadithi za wanachama, mada moja kwa wote: Sarajevo, yule mrithi wa kiti cha Austria waliyempiga risasi ndani ya gari, vita ya dunia ikafuata. Anko anasema waandishi wa hadithi za kisayansi wanampenda sana huyo marehemu. Kila mmoja na mashine yake anakwenda kumwambia dereva wake asikate kulia pale kwenye kona alikouawa. Nikamwambia basi hiyo kona ina foleni kuliko Beltway, barabara yetu ya mzunguko.

Ya kwake ilikuwa tofauti. Msafiri wake hana shida na mrithi. Anazuia vita ili Mzee Mbwambo wa Usangi, baba wa babu yake Anko, asichukuliwe. Mzee huyo aliondoka 1917, kaburi hana, picha hana, jina lake halijaandikwa popote. Anko alitaka liandikwe mahali pamoja tu, hata kama ni kijitabu cha kurasa sitini.

Aliandika Kiswahili, akanipa mimi nitafsiri, maana Kiingereza chake anasema ni cha kompyuta. Nilimaliza siku moja, nikajisifia kwenye grupu. Yeye hata hakukagua. Aliniamini.

Jumamosi ya uzinduzi alivaa suti ya harusi na, ajabu, akawahi. Akasoma vizuri tu. Dereva hakukata kulia, mrithi akapona. Ukaja mstari wa Mzee. Yeye aliandika, "Alichukuliwa Kariakoo, hakurudi." Mimi nikatafsiri kwamba alipelekwa sokoni, hakurudi.

Ukumbi ukacheka. Audrey, mwenyekiti wa klabu, akasema mumewe naye huwa hivyo hivyo akitumwa maziwa. Anko akaendelea kusoma mpaka mwisho. Wakampigia makofi mengi kuliko wote.

Kwenye gari akaniuliza, "Adela, Kariakoo ni nini?"

"Si soko la Dar? Mama ananunua vitenge pale."

Akanieleza polepole, kama anavyowaeleza watu waliosahau nywila. Katika vita ile Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi, kinaitwa Carrier Corps. Watu wetu wakakitamka Kariakoo. Soko ndilo lililochukua jina lao. Mzee alibeba mizigo ya jeshi mpaka njia ikammaliza, na hakuna aliyekuja kusema ni wapi.

Nikasema nitamwandikia Audrey. Akasema vitabu vimeshachapwa mia mbili.

"Wa kwao, kila mtu anarudi kumwokoa," akasema. "Wa kwetu alikuwa na sisi wawili tu, na tumempeleka kununua nyanya."

Alitoa kalamu, akachukua nakala zake nane, akafuta neno langu kwenye kila moja na kuandika Kariakoo juu yake. Kwenye zile nyingine zote, Mzee Mbwambo bado yuko sokoni.