Skrubu Nane za Pikipiki ya Mjomba

Mjomba wangu ni fundi wa pikipiki sokoni Mbumbuni, na tangu nipate akili amekuwa akisema jambo moja kuhusu skrubu za pikipiki kuukuu za Kijapani: ni laini. Ukizishika tu zinalika kichwa, ule msalaba unageuka shimo la mviringo, na bisibisi inazunguka bure. Alilisema kwa uhakika wa mtu anayesema Jumapili inafuata Jumamosi, na mafundi wenzake walimwitikia. Mimi nikauliza: kama ni laini hivyo, kiwandani walizikazaje?

"Kiwandani kuna mashine."

"Na mashine inashika skrubu na nini?"

"Na bisibisi, msomi."

"Kama hii yako?"

Akanipa spana chafu nipanguse.

Nyuma ya kibanda chake kulikuwa na pikipiki moja ya zamani, kubwa, ya silinda mbili, na kila silinda ilikuwa na kabureta yake. Ilikuwa imefunikwa gunia na kuku walitaga kwenye kiti. Haikuwa imekufa. Petroli ilikaa ndani ya zile kabureta hadi ikawa gundi, ikaziba vitundu vyote. Dawa yake ni kufungua vibakuli vya chini, uoshe. Kila kibakuli kinashikwa na skrubu nne. Mjomba alikuwa amejaribu siku moja, akaharibu vichwa vya skrubu tatu kati ya zile nane, akazirudisha kabureta mahali pake na kuwaachia kuku pikipiki yao.

Nisingeifikiria tena, ila Jumanne moja nilipigiwa simu kutoka Mwingi. Kulikuwa na kazi ya kuzunguka kupima kina cha maji kwenye visima vya Kitui. Walitaka mtu aliyesoma fizikia, aanze Jumatatu, na awe na pikipiki yake. Nilikuwa nimekaa nyumbani miezi minane. Fizikia nilikuwa nayo. Kwa upande wa usafiri, nilikuwa na viatu.

Nilimkuta mjomba akifunga kibanda.

"Ile ya kuku," nikasema. "Nikiitengeneza utanipa?"

Alicheka mpaka akaegemea mlango. "Hiyo imenishinda mimi, wewe utaiweza na cheti? Jumamosi mtu wa vyuma chakavu anakuja kuibeba."

"Kwa hivyo hakuna hasara nikijaribu."

"Sawa. Fungua hizo skrubu zote nane, na usitoboe, usivunje, kwa sababu kabureta kama hizo hazipatikani tena. Ukiweza, pikipiki ni yako. Usipoweza, usiniulize swali lolote mwaka mzima."

Nadhani hiyo adhabu ndiyo aliyoitaka zaidi.

Nilibeba kabureta mbili nyumbani kwenye karai, pamoja na bisibisi yake ya nyota. Kwa kiburi nilianza na skrubu nzima. Nikakandamiza kwa nguvu zote, nikazungusha, bisibisi ikaruka. Nikakandamiza tena. Ikaruka tena, na kichwa kikalika mbele ya macho yangu. Sasa mbovu zilikuwa nne, na moja ilikuwa yangu mwenyewe.

Nilikaa jikoni nikiwa na hasira. Mama alikuwa ameinamisha sufuria yake ya isyo, ya kupikia mahindi na maharagwe, ukutani, tako juu, jeusi kama usiku. Nilikuwa nikichezea bisibisi, nikaikwaruza kwenye yale masizi bila kufikiri. Halafu nikafikiri.

Nilipaka ncha yote masizi, nikaichomeka taratibu kwenye skrubu nzima, nikaikandamiza bila kuzungusha, nikaitoa. Masizi yalikuwa yamefutika mahali padogo tu, kwenye ncha ya mwisho kabisa. Yale mabawa manne, ambayo ndiyo yanayopaswa kuishika skrubu, yalibaki meusi tititi. Hayakuwa yamegusa kitu.

Nilirudia mara tatu kwa sababu siamini mara moja. Jibu lilikuwa lile lile. Msalaba wa skrubu hizi ni mfupi kuliko ncha ya bisibisi ya kawaida. Ncha inafika chini mapema, na bisibisi inasimama kwa kidole kimoja huku mabawa yakielea. Miaka yote hiyo mafundi wa Mbumbuni walikuwa wakilaumu chuma, na hakuna aliyeitazama bisibisi.

Nilichukua tupa nikakata ncha kidogo, nikapaka masizi, nikapima. Nikakata tena. Mara ya nne mabawa yalitoka yakiwa meupe pande zote. Nikaichomeka, ikakaa kwa mlio mdogo, tak, kama mlango uliopata kitasa chake. Nikazungusha. Skrubu nzima nne zilitoka moja baada ya nyingine, na nilipiga kelele hadi mama akaja mbio na mwiko.

"Nyoka?"

"Skrubu!"

"Nani ataoa mtu wa kupigia skrubu nduru," akasema, akarudi kwa kuku wake uani.

Zile nne mbovu zilikuwa na kazi yake. Aluminiamu ya kabureta hutanuka zaidi kwa joto kuliko chuma cha skrubu, kwa hivyo kabureta ikiwa moto, skrubu inalegea. Ijumaa nilizikausha kabureta petroli, nikaziosha kwa sabuni, nikaziweka kwenye maji yanayochemka. Sufuria kubwa ilikuwa moja tu.

Mama alifunua kifuniko. Akatazama kwa muda.

"Hii inaiva saa ngapi?"

"Nisamehe, mama. Ni kabureta."

"Naona. Utanunua sufuria." Akarudisha kifuniko. "Lakini umeomba?"

"Niombee skrubu?"

"Omba hiyo mikono yako isiungue, wewe mtu wa kubisha."

Kila skrubu niliigonga kichwa kwanza kwa nyundo ndogo, ili chuma kilichosukumwa pembeni kirudi ndani. Kisha nikaisimamisha bisibisi juu yake nikaigonga kwa nguvu, ijichongee msalaba mpya. Tatu zilikubali. Ya nane ilikuwa imejificha pembeni, mahali nyundo haifiki, na ilinikatalia hadi giza likaingia.

Jumamosi asubuhi nilizirudisha kabureta kwenye kibanda. Mtu wa vyuma chakavu alikuwa ameshafika na mkokoteni wake.

"Ni hii?" akauliza, akifukuza kuku.

"Ngoja kidogo," mjomba akasema. Alikuwa ameona skrubu saba kwenye kiganja changu. Akachukua bisibisi, akaitazama ncha, uso ukabadilika. "Wewe! Umekata bisibisi yangu?"

"Nimeipunguza. Nina swali moja tu..."

"Zimebaki ngapi?"

"Moja."

Alichukua maji ya chai yaliyokuwa yakichemka kwenye jiko lake, akayamwaga juu ya kabureta yenye ile skrubu, akaifunga kwa gunia bichi, akaikumbatia kwenye benchi. "Gonga. Haraka, inaniunguza."

Niliweka boliti ndefu juu ya skrubu nikaipiga boliti, halafu bisibisi, nikapiga tena, nikazungusha. Kitu kililia kama panya. Nilidhani kichwa kimekatika. Lakini skrubu ilikuwa imegeuka robo, kisha nusu, kisha ikaja yote mkononi mwangu ikiwa ya moto.

Mjomba aliiachia kabureta. Alimgeukia yule mtu. "Chukua ile rimu iliyopinda, uende."

Tuliosha vitundu na kuzifunga tena kabureta pamoja mpaka alasiri. Pikipiki iliwaka niliporuka kwenye kiki mara ya sita, ikatoa moshi wa buluu na manyoya ya kuku, na soko zima likageuka kutazama. Mjomba aliimba wimbo wa kanisani, ule wa kuvuka mto. Mimi sikuimba, ila nilipiga mguu.

Kusema ukweli, baadaye niliikwaruza moja ya zile skrubu kwa tupa nikaona ni laini kweli. Nusu alikuwa sahihi. Sijamwambia.

Jumatatu saa kumi na mbili nilipita kibandani kumuaga mjomba, na tayari kilikuwa wazi. Juu ya benchi kulikuwa na bisibisi tano za nyota, zimepangwa kwa urefu, na tupa kando yake. Mjomba alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

"Ile ya mpini mwekundu usiguse," sauti yake ikatoka huko chini. "Hiyo ni ya skrubu zingine."

"Zipi?"

"Si uliambiwa uwe Mwingi leo?"

Nilikata ncha nne, nikazipima kwa masizi ya birika lake, nikaondoka. Saa nne kamili nilikuwa Mwingi, pikipiki imeegeshwa nje ya ofisi, bado inapumua joto.