Shingo ya Baba Mkwe

Nilivuka mto Songwe kwa mtumbwi nikiwa na hamu moja tu: kuingia ziwani. Nilikuwa bibi harusi mpya, mtu wa milimani upande wa Waingereza, na maji niliyoyajua ni ya kijito cha kuchota kwa kibuyu. Wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, alinichukua tukapumzike kwa shangazi yake, mfinyanzi wa vyungu ufukweni karibu na Ikolo, upande wa Mdachi.

Mvua ilitupokea na haikutuacha. Sikujali, ingawa shangazi alitaka tungoje ipungue ndipo tuingie majini! Nililala nikisikia mawimbi nyuma ya ukuta wa mianzi, nikaamka kabla ya jogoo kuhakikisha bado yapo. Kungu, vidudu vya ziwani, walipopanda juu ya maji kama moshi, tulitoka mbio na nyungo tukawanasa, tukawakanda mkate. Nilikula hadi wifi akaniuliza kama kwetu kuna njaa.

Kisha baba mkwe akaja kumtembelea dada yake.

Kwetu, kama kwa Wanyakyusa, mke hatazamani na baba wa mumewe. Hamsemeshi, na akimwona njiani hujifunika na kuiacha njia. Wengine hufanya hivyo kwa kiasi. Mimi kiasi sikijui. Mama alifariki kabla ya kunifunda, hivyo adabu hizo nilijifunza mwenyewe kwa kuchungulia wake za watu, na kila siku niliogopa kwamba kuna jambo limenipita. Nilikimbia hata kikohozi chake. Siku moja nilijibanza migombani, jani kichwani, maji yakinitiririka mgongoni, mpaka wifi akanikuta.

"Wifi, unamkimbia nani?"

"Baba. Yule pale mwenye blanketi."

"Yule? Amekuja kununua vyungu! Baba amelala ndani, anakoroma."

Lakini kila mvua ilipopungua, baba mkwe alibeba kigoda chake, akaenda kukaa ufukweni kutazama ziwa. Mimi nikabaki nyuma ya nyumba, machozi karibu.

Siku ya mwisho, shangazi akamwambia kaka yake nilichokitamani. Sikumtuma! Nilisikia nikiwa jikoni, nikatamani ardhi ipasuke. Baba mkwe akasema kwa sauti ya kusikika mbali:

"Dada, leo shingo yangu imekakamaa. Inageuka upande wa milima tu."

"Pole, kaka. Itapona lini?"

"Labda mchana. Mvua hii imeiharibu kabisa."

Akaweka kigoda chini ya upenu, mgongo ziwani, blanketi hadi masikioni, akaitazama milima. Ilikuwa imefunikwa na mawingu. Hapakuwa na cha kuona.

Mimi na wifi tulikimbia ziwani. Maji yalikuwa na joto kuliko mvua! Nilipiga kelele, nikameza wimbi, nikacheka, nikameza jingine. Kaniki niliyojifunika kichwani niliishika kwa mikono miwili hata nilipozama, maana huwezi kujua. Wimbi kubwa likaja, likaipokonya. Nikapiga ukelele.

"Dada, kuna nini huko?" baba mkwe aliita, bila kugeuka.

"Hakuna kitu, kaka. Wewe uguza shingo yako."

"Naiuguza. Ila mwambie asiende kwenye kina."

Nilimwomba shangazi anifikishie jibu: ndaga fijo, asante sana. Kaniki ilikuwa ikielea karibu, ningeweza kuifikia. Niliiacha, nikarudi majini kichwa wazi.