Nyumba ya Namba Moja

Bwana aliyetumwa kupima uharibifu wa kisulisuli alifika kambi yetu ya wakimbizi, Dzaleka, amevaa viatu vya harusi. Nilimdharau kuanzia hapo, kabla hajafungua mdomo, na hadi leo sijaona sababu ya kuacha.

Upepo ulikuwa umepita siku mbili kabla, mchana, watu tukiwa kwenye foleni ya mahindi. Ulitokea upande wa vijiji, mweusi, mwembamba, ukizunguka juu ya mashamba ya tumbaku, ukakata pembe moja ya kambi na kupotelea bondeni. Kwa muda huo chai isingewahi kuchemka. Mimi kwetu Bukavu nilifundisha ujenzi katika shule ya ufundi, na nilikuwa na Kiingereza cha kubahatisha, kwa hiyo nikachaguliwa kumtembeza mgeni, kutafsiri na kujaza fomu zake.

Tulianzia kijijini. Mahindi yalikuwa yamelala kwa mstari mmoja, upana wa uwanja wa mpira. Ya upande huu yameinamia mashariki, ya upande ule magharibi. Nikamweleza kwamba upepo wa kawaida huangusha vitu upande mmoja. Huu ulikuwa unasokota, kwa hiyo hata kuta zilizosimama zilipaswa kukaguliwa kwa mkono. Akaangalia matope kwenye viatu vyake.

"Andika: upepo mkali," akasema.

Kipimo chake kilikuwa na namba tatu. Moja, paa limeguswa. Mbili, paa limekwenda. Tatu, ukuta umeanguka. Basi. Mtu mzima mwenye ofisi Lilongwe alikuwa amesomeshwa miaka yote hiyo ili ajue kuhesabu mpaka tatu. Nyumba nyingi alizipa namba bila kushuka kwenye gari, kwa kidole, kama anachagua kuku sokoni Mponela.

Aliyetusimamisha ni mama mmoja wa Kindu, mjane. Kwao alikuwa na duka la vitenge. Hapa aliuza chumvi na sabuni mlangoni pake. Alisimama mbele ya gari na hakusogea.

"Mwalimu, mwambie ashuke," aliniambia. "Paa iliruka yote, kisha ikarudi kukaa. Niliiona na macho yangu. Sasa ukuta inalia."

"Inalia namna gani, mama?"

"Ingia we mwenyewe."

Nikaingia. Chini ya paa ufa ulizunguka nyumba nzima, mwembamba kama uzi, ukashuka kwenye kona mpaka chini. Nilishika tofali moja la udongo mbichi, likacheza kama jino la mtoto. Nikatoka nikamweleza yule bwana, safari hii ameshuka. Alichungulia mlangoni bila kuvuka kizingiti.

"Ukuta umesimama?"

"Umesimama, lakini una..."

"Paa lipo?"

"Lipo."

"Moja."

Nikaandika moja. Kwa mwandiko mzuri, wa mwalimu.

"Ameandika nini?" mama akauliza.

"Moja, mama. Maana yake imeguswa kidogo."

"Na we ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ukuta ni mbovu."

"Ulimwambia, kisha ukaandika." Alinitazama vile mtu anavyotazama samaki aliyeoza. "Basi. Mi silali humu. Alale yeye na namba yake."

Alitoa mkeka, sufuria na katoni yake ya sabuni, akahamia kwa jirani. Siku ya tatu baada ya hapo mvua ilinyesha, na asubuhi ukuta wa kona ukaanguka na paa juu yake. Hapakuwa na mtu ndani. Hilo halikutokana na kipimo cha yeyote.

Nikaomba ruhusa ya kutoka kambini, nikapanda lori hadi Lilongwe, nibadilishe ile fomu. Ofisini wakasema bwana yuko nyumbani, Area 49, anakula. Nikaenda kwa miguu. Alinipokea barazani, kijiti mdomoni. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati limepigiliwa sawasawa. Nililikagua kwa mazoea.

"Ile nyumba ya namba moja imeanguka," nikamwambia.

"Imeangushwa na nini?"

"Mvua iliingia kwenye ufa wa upepo."

Akafikiri. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akifikiri, na uso wake ulionyesha hajazoea.

"Basi hiyo ni mvua," akasema kwa upole, kama ananisaidia hesabu. "Sisi tulipima upepo."

Mkewe aliniletea maji. Nikanywa, nikasema zikomo, asante ya huku, kwa wote wawili, hata kwa yule bwana, nikainama kidogo. Shingo yangu ina aibu hiyo mpaka sasa.

Maturubai ya msaada yalifika wiki kadhaa baadaye. Mgawaji hakuwa na fomu zetu. Alikuwa na orodha ya majina, na kila nyumba ikapata turubai moja, ya namba moja na ya namba tatu, sawasawa. Nilimuuliza kuhusu zile namba. "Namba gani?" akanijibu.

Mama wa Kindu alichukua lake, akalikunja, akanifuata nilikokuwa nimekaa.

"Mwalimu, simama. Unakuja kunijengea."

Nilifyatua matofali na nyasi ndani yake, nikayaacha yakauke vizuri, nikainua kuta. Kona ile alinibomolesha mara mbili. Mara ya tatu aliegemeza bega lake akasukuma kwa nguvu zote. Ukuta haukutikisika. Hakunipongeza. Aliniambia nianze mlango.