Nasr na Mtihani wa "Light"

Mtoto wa ndugu yangu, Nasr, ni fundi umeme wa magari huko Wadi Kabir, hapa hapa Oman. Gari likija limekufa macho, hulifufua kabla chai haijapoa. Lakini miaka yote anajikunja chini ya usukani, shingo imepinda. Ilipotoka nafasi ya mkaguzi pale pale gereji, kazi ya kusimama wima na kalamu, aliitaka mpaka usingizi ukampaa. Kizuizi kimoja: mtihani wa Kiingereza wa mdomo.

Akaja kwangu Azaiba. Angekwenda kwa nani? Shule niliiacha mapema isije ikanichosha, lakini Kiingereza nnacho. Nimegombana na Wazungu kwa lugha yao, wakaomba radhi wao.

"Ami, hili 'light' lanitoa jasho. Mie nalijua ni taa. Kitabu chasema pia ni kuwasha, tena ni -epesi. Nishike lipi?"

"Yote. Sie neno likibadili kazi twalibadilisha nguo: safi, usafi, kusafisha. Mzungu bahili wa nguo. Neno lile lile; we tazama limekaa wapi. 'Light the light.' La kwanza lafanya kazi, la mwisho limekaa tu, kama mkeo na wewe siku ya Ijumaa."

Akacheka, likamwingia. Siku ya mtihani alikuwa akilizungusha kama tasbihi.

Mtahini alikuwa mzee wa Kiomani, Bwana Majid. Akamuuliza hali kwa Kiingereza, kufungua mtihani tu. Nasr akajibu, naye akamuuliza hali. Kisha watoto. Kisha wazee. Kisha kama kwao mvua imenyesha. Bwana Majid, mtu aliyelelewa, angemkataje? Kila swali akalijibu na kulirudisha. Walipofika kwa wajomba, mlango ukabishwa: muda umekwisha. "Light" halikuguswa. Majibu yakatoka: ameanguka.

"Ulimuuliza habari za mvua," nikamwambia. "Kwenye mtihani."

"Ami, mtu mzima kanijulia hali. Nimkatie?"

"Umkatie."

"Wewe ungeweza?"

Nikamwambia ningeweza, tena vizuri sana. Akanitazama, mie nikatazama birika.

Nafasi kapewa Ghaith, fundi mwenzake, ambaye salamu yake ni kuinua nyusi. Jana kapita kukagua taa alizofunga Nasr, kaandika, kaondoka.

"Hata hakuniuliza nimeamkaje," Nasr akaniambia, na nikaona hilo limemuuma kuliko kazi yenyewe.